Wavu Unashonwa na Mvuvi

Kwa miaka mingi nimekana jambo moja, na sasa nimechoka kulikana: nilikuwa mmoja wa watoto wa dawa. Watu wa Uvira waliponiuliza, nilisema miezi ile nilikuwa Bwegera kwa shangazi yangu, nikila wali. Watu wa Bukavu, ninakoishi sasa, niliwaambia kwamba nilikuwa mdogo mno, sikumbuki. Mume wangu nilimweleza kuwa habari yenyewe ilitungwa na walevi. Shangazi wa Bwegera yupo kweli, na shamba lake la mpunga lipo, lakini uasi ulipoingia mjini mimi nilikuwa papo hapo Uvira, shuleni Mulongwe, mstari wa pili, karibu na dirisha lisilo na kioo, nikipaza sauti kwa Kiingereza pamoja na wenzangu mpaka koo likawasha.

Aliyetupazisha sauti tulimwita Mwalimu. Hata watu ambao hakuwafundisha walimwita hivyo, hata mkewe alipokasirika, na sioni sababu ya kubadilisha leo. Alikuwa mrefu, mwembamba, na shati lake lilikuwa limefungwa mpaka kifungo cha juu, jua liwake lisiwake. Aliishi Kalundu, hatua chache kutoka kwenye mitumbwi na wapakuzi wa bandarini, na aliogopa maji kama paka. Nilimwona mara moja akipitishiwa ndoo ya ndagala, samaki wadogo wa ziwani, kutoka mtumbwini, akainyoshea mikono huku miguu ikirudi nyuma, kana kwamba ziwa lingemdaka kwa vidole.

Kiingereza alikuwa amekiokota ng'ambo, Kigoma, kwa njia ambayo hakuwahi kuieleza vizuri. Baada ya uhuru, walimu Wabelgiji walipofunga masanduku yao, shule yetu ilibaki na madawati mengi na walimu wachache, naye akaenda kwa mkuu wa shule kujitolea. Mkuu alimuuliza Kiingereza kitatusaidia nini sisi tunaoandikiana na serikali kwa Kifaransa. Mwalimu akajibu, na jibu hilo alilirudia mbele yetu mara nyingi kwa fahari:

"Kifaransa tumeshachapwa nacho. Kiingereza bado hakijamuchapa mutoto yeyote wa hapa. Acha tuanze nacho vizuri."

Yeye mwenyewe hakuchapa. Adhabu yake ilikuwa kukufanya useme jibu lako tena, polepole, mpaka ulionee aibu. "Usiniletee jibu lenye linakimbia," alisema. "Niletee lenye limevaa viatu."

Katika Kiingereza chote alipenda sehemu moja tu kuliko zote, nayo ni namna ya kugeuza sentensi kutoka kutenda kwenda kutendwa. Sisi kwa Kiswahili hatuoni ajabu yoyote. Mvuvi anashona wavu, wavu unashonwa na mvuvi. Unaingiza sauti moja ndogo katikati ya neno, kazi imekwisha, mtu anaweza kuifanya akiwa amelala. Kwa Kiingereza, alituambia, ni kuhamisha nyumba. Aliyefanyiwa anatoka nyuma anakuja mbele. Kitenzi chenyewe kinavua nguo moja kinavaa nyingine, tena kinaomba kitenzi kingine kidogo kikisindikize. Na mtendaji anapelekwa mkiani, anashikizwa kineno *by* mkononi ili ajulikane. Ukitaka, unaweza kumwacha nje kabisa, na sentensi haidai chochote.

Alitufundisha kwa benchi. Watoto watatu waliketi mbele: mmoja mvuvi, mmoja kushona, mmoja wavu. *The fisherman mends the net.* Akipiga makofi, wavu aliruka kuketi mwanzo, kushona alisimama akabadilisha sura, mvuvi alikwenda mwisho huku akinuna. *The net is mended by the fisherman.* Wote tulitaka kuwa wavu. Hakuna aliyetaka kuwa mvuvi, maana mara nyingine Mwalimu alimwambia, "Weye toka inje, tutakuita," kisha akamsahau.

Kisha darasa zima liligawanywa pande mbili. Upande wa dirisha ulisema ya kwanza, upande wa ukuta ulijibu ya pili, kwa sauti, kwa mdundo, miguu ikigonga sakafu. Mama anawasha moto. Moto unawashwa na mama. Mbwa anamfukuza kuku. Kuku anafukuzwa na mbwa. Yote kwa Kiingereza, na kwa matamshi ambayo baadaye chuo kikuu yalimfanya mhadhiri wangu avue miwani na kuifuta.

Nyumbani Mwalimu alikuwa mtu wa kutendwa zaidi kuliko alivyokuwa darasani. Siku moja nilitumwa kwake kupeleka mihogo, nikamkuta amesimama juu ya vipande vya kikombe.

"Kikombe kimevunjwa," alimwambia mkewe.

"Na nani?"

"Kilikuwa kimewekwa pembeni."

"Nimeuliza na nani, Mwalimu."

"Naona kimevunjwa tu."

Mkewe alinigeukia mimi na mihogo yangu. "Unamusikia? Miaka yote hii, mu hii nyumba hakuna mwenye anafanyaka kitu. Vitu vinajifanyaka vyenyewe, kisha minye ninafagia."

Alicheka, na Mwalimu alicheka pia. Walipendana. Mkewe alipofariki, Mwalimu aliendelea kusema "chai haijawekwa sukari" kwa nyumba tupu.

Sasa nieleze dawa, maana bila hiyo mtu huyu haeleweki.

Waasi walipoingia Uvira shule zilifungwa, isipokuwa darasa letu. Mwalimu alikuja kila asubuhi na shati lake lililofungwa, nasi tulikuja kwa sababu wazazi waliona afadhali tuwe mahali pamoja panapojulikana. Wapiganaji wale waliamini kwamba wakipakwa dawa na kushika miiko yake, risasi zitageuka maji. Mchana walipita mitaani wakiwatafuta wavulana. Kipimo kilikuwa bunduki yenyewe: ukiwa mrefu kuipita, unakwenda nao. Kaka yangu, tuliyekuwa naye darasa moja, alikuwa ameipita kwa kichwa kizima. Mama yangu alimwambia atembee ameinama, akatembea hivyo mpaka mgongo ukauma. Bado aliipita.

Ghafla ikawa darasa letu haliguswi. Asubuhi moja kamanda alikuja na wapiganaji wake, vijana wenye majani kichwani, wakapangwa mstari uani mbele ya madirisha. Mwalimu alitoka, akasema nao, akarudi ndani. Shati lilikuwa limelowa mgongoni.

"Tuanze," alisema. "Upande wa dirisha."

Tukaanza. Mvuvi na wavu, mama na moto, mbwa na kuku. Uani vijana walisimama wima, macho wamefumba, wakiitikia "Mai!", yaani maji, kila tulipomaliza jozi moja. Hakuna aliyejua Kiingereza, na ukikisikia kwa namna ile tulivyokuwa tukikitamka, nusu ya watoto ikisema jambo na nusu nyingine ikilirudisha kinyumenyume, miguu ikigonga, kwa kweli kilifanana na maneno ya kufungia mwili. Walimaliza, wakaenda kupanda malori kuelekea bonde la Ruzizi.

Basi tulijua sheria, ingawa hakuna aliyetusomea. Dawa ilikuwa katika midomo yetu, na sauti ya mtoto aliyeshika bunduki huiharibu. Kwa hiyo wavulana wa darasa lile hawachukuliwi. Kwa hiyo pia maneno hayabadilishwi, maana dawa ikibadilishwa si ileile. Miezi yote ya uasi hatukusogea hata ukurasa mmoja. Wakati uliopita, wakati ujao, namna ya kuuliza, yote hayo yalitungoja ng'ambo ya vita. Nilipofika chuo kikuu niliweza kugeuza sentensi yoyote uliyonipa, lakini sikuweza kuomba maji ya kunywa kwa Kiingereza. Niliandika tasnifu kuhusu jambo hilo, bila kusema linanihusu. Ilisomwa na watu wawili, na mmoja alikuwa anasinzia.

Tulimchukia Mwalimu kwa uchovu ule. Watoto wanataka somo jipya. Kaka yangu, ambaye aliweza kusimama wima darasani na si mahali pengine popote, alimchukia kuliko wote.

Jeshi la serikali liliporudi, watu waliowasaidia waasi waliulizwa maswali uwanjani, na majibu mabaya yalikuwa na mwisho mmoja. Mwalimu alisema neno moja: "Nililazimishwa." Waliomuuliza walikuwa na wengi wa kuwauliza siku ile. Walimwacha. Lakini kanisa halikumwacha.

Katika kanisa letu mtu aliyetengwa hafukuzwi. Anaketi benchi la mwisho, la mlangoni, upande wa wanaume. Anaimba, anatoa sadaka, anasikiliza mahubiri, na mkate na kikombe vya meza ya Bwana vinapopitishwa, vinampita. Kurudi ni rahisi kwa maneno: unasimama mbele ya wote, unasema ulichofanya. Wazee walimwambia Mwalimu kwamba kufanya uganga kwa midomo ya watoto ni dhambi, lakini kama alilazimishwa, amtaje aliyemlazimisha, atasamehewa, atarudi mezani.

"Nililazimishwa," alisema.

"Na nani?"

Alirudi kuketi. Mchungaji wa wakati ule alizeeka akauliza tena. Aliyemfuata aliuliza. Mwalimu alibaki benchi la mlangoni mpaka watoto wetu nao wakamzoea pale, wakadhani ndiyo kazi yake, kufungua na kufunga mlango. Mkewe alipokea mkate bila yeye mpaka siku ya mwisho wake. Nilimsikia mara moja akimwambia, bila hasira, "Minye ninaenda kule mbele peke yangu kama mujane na weye uko hapo." Hilo lilimuumiza. Nililiona.

Na kulikuwa na mama wa ndagala. Mwanawe mkubwa alikuwa mmoja wa vijana waliosimama uani. Alichukuliwa na waasi nyumbani, akaletwa mbele ya madirisha yetu pamoja na wengine, akafia njiani kabla ya Bwegera. Mama huyu aliuza ndagala kavu penye njia ya kwenda bandarini, na kila Mwalimu alipopita, kwa miaka, alimuuliza swali lilelile mbele ya wateja.

"Mwalimu. Mutoto wangu alikuambia nini?"

"Aliletwa na bengine, mama."

"Hiyo ninajua. Ninauliza kama alikuamini. Kama alienda kule akijua muwongo ao akijua dawa."

"Walipangwa tu. Walipelekwa."

Alisonya, akamimina samaki kwenye karatasi ya mteja. "Ona muntu. Ninamuuliza juu ya mutoto, ananijibu juu ya mustari."

Mimi nilikuwa mmoja wa wateja hao. Nililipa, nikaondoka haraka, mtu asije akakumbuka nilikuwa mstari gani.

Sitaki msomaji adhani alikuwa mtu wa huzuni. Alikuwa na ubishi wa kuchosha. Alisahihisha Kiingereza cha mabango, cha magunia ya misaada, cha fulana za mitumba; aliwahi kumsimamisha kijana wa Kalundu katikati ya barabara kumwambia kuwa kifua chake kina kosa. Alihimiza usahihi, naye hakufika mahali popote kwa wakati. Alijua kusifu mtoto mvivu mpaka akafanya kazi kwa aibu. Na vita vingine vilipokuja, maana tangu wakati ule vimekuja vingi, watu walikimbilia milimani na ng'ambo, yeye alibaki nyumbani na mlango wazi. Alisema mtu aliyeogopa maji kama yeye hana pa kukimbilia Uvira: upande mmoja ziwa, upande mwingine mito.

Mwaka huu mchungaji mpya, kijana wa kutosha kuwa mjukuu wake, aliamua kulimaliza jambo hili kabla ya Pasaka. Mwalimu alikuwa mgonjwa, macho yameingia ukungu, na tuliogopa atakufa benchi la mlangoni. Mchungaji alinipigia mimi, kwa sababu mimi ni msomi na huandika katika magazeti, ambayo Bukavu hununuliwa zaidi na wauza sambaza, ndagala wa huko, ili wafungie samaki wao. Aliniomba nizungumze naye.

Nilishuka Uvira. Nilimkuta Kalundu, ameketi kwenye kiti cha plastiki mgongo ukiwa umeelekea ziwa, shati limefungwa mpaka juu. Nje wapakuzi walikuwa wakitukanana juu ya gunia lililopasuka.

"Mwalimu, unanijua?"

"Sauti ninaijua. Ulikuwa unameza mwisho wa maneno."

Niliketi. Nilimweleza mpango wote: Jumapili asimame, wamuulize, ajibu, arudi mezani.

"Utaje tu kamanda," nilisema. "Alikufaka zamani. Hana mutoto hapa, hana ndugu. Haitamuumiza yeyote."

"Unataka ningojee Pasaka nikimubebesha maiti."

"Ninataka upate mkate, Mwalimu. Mke wako alikufa akienda kule mbele peke yake."

Aligeuzia sikio nje. Wapakuzi walikubaliana, gunia likabebwa.

"Na weye," alisema, "wakati ule ulikuwa wapi?"

"Mwalimu, unajua. Mulongwe. Mustari ya pili."

"Aa. Ninauliza tu, kwa sababu watu wote wananiambia ulikuwa Bwegera."

Nilicheka kwa sababu sikuwa na jambo lingine la kufanya. Yeye hakucheka. Alinipapasa mkono, akasema amechoka, angelala kidogo. Nilipofika mlangoni alisema, "Nitajibu. Waambie wasinisaidie jibu." Nilirudi Bukavu nikamwambia mchungaji kwamba mambo yako sawa. Nilikuwa na hakika atamtaja kamanda. Nilijisifu njiani, nakiri.

Jumapili mchana mvua ilikuwa inanyesha Bukavu na simu ikalia. Ilikuwa kaka yangu, ambaye sasa ni mzee wa kanisa mwenye kisukari.

"Yaya, ilikuwaje?" nilimuuliza; kwetu kaka mkubwa huitwa yaya.

"Ngojea nitoke penye makelele." Nilimsikia akitembea. "Mchungaji alimuuliza vizuri, kwa upole. Ulilazimishwa na nani? Akasema: hakuna."

"Hakuna nini?"

"Hakuna muntu. Akasema: Minye mwenyewe njo nilienda kwa kamanda. Walikuwa wanakamata batoto ba Kalundu siku ile. Nilimuambia, hawa ba kwangu iko na dawa mu kinywa. Ukitosha mumoja tu, ukimubeba, dawa inakufa. Yeye hakukuwa hata anatujua. Minye njo nilimuita."

Nilikaa chini, kwenye kikapu cha nguo.

"Dada? Unanisikia?"

"Nakusikia."

"Mchungaji akasema, basi, Mwalimu, utubu. Akajibu: Juu ya batoto siwezi kutubu, nikitubu nitakuwa ninaongopa mbele ya Mungu. Juu ya bale vijana ba uani, ninatubu kila siku, na sitaki munisamehe haraka." Kaka yangu alikohoa. Alikuwa amelia, au mtandao ulikuwa mbaya. "Tulikaa wazee pembeni. Tulishindwa. Mchungaji akasema jambo litangojea. Mkate ukapita. Minye njo nilimushika mukono kumurudisha kule kwa mulango. Minye, dada. Na hii urefu yangu."

"Na yeye?"

"Alisema ni haki. Sasa ngoja. Mama wa ndagala alisimama kwa upande ya banamuke. Akatembea mpaka nyuma, akaenda kwa benchi ya banaume, akamuambia: Sogea, Mwalimu. Akaikala."

Hakuna mwanamke aliyewahi kuketi benchi lile.

"Akamuuliza ile swali yake. Minye nilikuwa karibu, nilisikia yote. Mutoto wangu alikuamini? Mwalimu akasema: Hapana, mama. Mutoto wako alikuwa mwanafunzi wangu mwaka ya mbele, uasi ikiwa haijafika. Alikuwa anasikia kila neno. Alijua ni mvuvi na wavu tu."

"Na hakusema kwa kamanda?"

"Mama aliuliza vilevile. Mwalimu akasema: Aliniangalia, akaangalia batoto mu madirisha. Kulikuwa na mutoto mumoja alisahau maneno, sauti zikakatika, kamanda akageuka. Mutoto wako njo alimalizia, kule uani, bunduki hajapewa bado, na sauti kubwa, na hakukosea hata kidogo. Kisha akafunga macho kama bengine."

Mvua ilikuwa inapiga bati. Nilimuuliza kaka yangu mama alifanya nini.

"Alisema: Njo yeye, njo mutoto wangu. Mara mbili. Kisha akauliza alikuwa amevaa nini siku ile, na kama alikuwa amekula. Mwalimu alianza kumueleza, polepole, unamujua." Kaka yangu alishusha pumzi. "Watu wote wametoka. Mwenye funguo alikuja kufunga kanisa, na mama akamuambia angojee inje, Mwalimu hajamaliza."